Mfungwa wa Kabati la Vyombo

Kwa wiki mbili nzima ruta yetu iliishi ndani ya kabati la vyombo, katikati ya chupa za chai tulizopewa harusini na vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai tangu tuoane. Mama Zuhura aliifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi, akafunga mlango wa kioo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Hoja yake ilikuwa nzito: kitu cha bei ile hakiachwi sebuleni watoto wakichezee. Nami nilimuunga mkono. Nani asiyejua kwamba vitu vya thamani hukaa kabatini?

Shida ni kwamba waifai ilipatikana mahali pamoja tu: mbele ya kabati. Ukirudi nyuma hatua tatu, vile vimistari vya mawimbi kwenye simu vinaanza kuanguka kimoja kimoja. Ukifika chumbani inabaki nukta. Jioni familia nzima tulijipanga mbele ya vyombo, vichwa vimeinama, simu mikononi. Mgeni mmoja alituona dirishani akavua viatu barazani na kuuliza kwa sauti ya chini msiba ni wa nani.

Nikampigia fundi aliyetufungia. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Akaingia, akatoa shikamoo zake zote, akatazama kabati, kikamtoka kicheko ambacho alikigeuza kikohozi kwa kuheshimu mvi zangu.

"Mzee wangu, huyu mmemfunga kwa kosa gani?"

Kumbe ruta ni redio. Inarusha mawimbi, simu inayapokea na kujibu kwa mawimbi vilevile, bila waya. Sisi tulikuwa tumemtia mtangazaji ndani ya sanduku lenye kioo cha kujitazamia mgongoni, na kioo cha namna hiyo kina utando wa metali unaorudisha mawimbi yalikotoka. Sufuria zetu zilizopangwa rafu ya chini nazo zilisaidia. Kitambaa peke yake hakizuii mawimbi, lakini kinazuia joto kutoka, na ruta ile ilikuwa imefikia joto la kuangulia vifaranga. Inatakiwa ikae wazi, juu juu, karibu na katikati ya nyumba, mbali na mabati na vioo. Tukaipandisha juu ya kabati. Mama Zuhura alikubali kwa sharti moja: kitambaa kihamie chini yake, ikikalie.

Fundi akanionyesha pia kwamba nyumba yangu ina waifai mbili, na mojawapo jina lake linaishia na 5G. Nikamwambia hiyo aifute, mambo ya 5G nimeyasikia, sitaki balaa nyumbani kwangu. Akakohoa tena. Akasema hiyo 5 si ile ya minara ya simu. Ni gigahezi 5, na nyingine ni gigahezi 2.4.

"Mzee, harusi ikiwa mtaa wa pili, wewe hapa unasikia nini?"

"Ngoma."

"Na maneno ya mwimbaji?"

"Hayafiki."

"Basi 2.4 ndiyo ngoma: haina mbio sana, lakini inapenya kuta na kufika mbali. 5 ndiyo mwimbaji: ukikaa karibu unapata kila kitu na kwa kasi, ila kuta za tofali zinamfifisha upesi."

Hapo hapo likatatuka fumbo lililotusumbua kila Jumapili. Mdogo wangu aliyeko Leicester hupiga simu ya video mchana, na kila mara, ikikaribia saa saba, uso wake unaganda mdomo ukiwa wazi kama samaki wa feri. Mimi nililaumu mitambo ya Uingereza. Bibi, mama yangu, alisema ni husda. Kumbe saa saba ndipo Mama Zuhura anapopasha pilau. Maikrowevu huchemsha chakula kwa mawimbi yanayokaribiana sana na gigahezi 2.4, na yale machache yanayovuja yanatosha kuivuruga ngoma. Simu ya Jumapili tukaihamishia kwa mwimbaji. Mdogo wangu sasa anaonekana vizuri, na kwa bahati mbaya anatuona na sisi tunavyokula.

Nilipoona kijana anajua mambo, nikamletea kesi yangu kubwa. Nililipia kasi ya 20. Mwanangu alipopakua filamu, simu ilisema 2.5. Nikamuuliza hiyo nyingine yote imeliwa na nani njiani. Akaniambia hakuna aliyekula: unalipia megabiti, simu inakuhesabia megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa 20 kwa nane. Niligawa mara tatu nikitafuta wizi, sikuupata.

Kesi ya nne ilikuwa ya fahari. Tangu tufunge waifai, vijana wa mtaani walikuwa wamehamia chini ya mwarobaini uliopo ukutani kwetu. Shikamoo zilikuwa nyingi mno. Nikitoka, shikamoo mzee. Nikirudi na mkate, wananipokea mkate. Nilikuwa nimeanza kufikiria kugombea udiwani. Fundi akafungua orodha ya vifaa vilivyoungwa kwenye ruta. Vilikuwa 19. Sisi ndani tuna simu tano na televisheni moja.

"Na hao 13?" nikauliza.

"Wapiga kura wako, mzee."

Jina la waifai yetu lilikuwa BABA ZUHURA na nywila ilikuwa 12345678. Fundi akanieleza kwamba aliyeingia kwenye waifai yako hali bando tu. Akiwa na nia mbaya anaweza kujaribu kuufungua mlango wa ruta yenyewe, ambao wengi huacha na nywila ya kiwandani, na akiingia humo anakufungia nje kwenye nyumba yako. Tukabadilisha zote mbili, tukaweka ndefu yenye maneno manne yasiyohusiana. Asubuhi iliyofuata nilitoka nikapata shikamoo moja, nayo ya muuza maji.

Mchana simu yangu nayo ikakataa. Nikampigia fundi kwa ukali. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mzee, umebadilisha kitasa, lakini simu yako bado inachokonoa kwa ufunguo wa zamani. Iambie isahau, kisha uiingize upya."

Kabla ya kukata akaniachia somo ambalo angenipa siku ya kwanza ningemlipa mara mbili. "Waifai si intaneti. Intaneti ni maji, waifai ni mabomba ya ndani. Vimistari vikijaa kwenye simu, maana yake bomba ni zima. Kama maji yanatoka au hayatoki, hiyo ni habari nyingine." Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi hilo mara ya pili.

Basi ikaja Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Simu ya Leicester haikuita. Kurasa hazikufunguka. Safari hii nilikuwa mtaalamu, sikumlaumu mtu. Umeme upo. Plagi ipo mahali pake, hakuna aliyeichomoa apige pasi. Nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Taa zote kijani. Maikrowevu ni baridi. Nikasimama mbele ya kabati kama zamani: vimistari vimejaa. Nikatangaza, "Bomba zima. Maji ndiyo hakuna." Nikapanda ukutani kumuuliza jirani; kwake vilevile. Chini ya mwarobaini vijana nao walikuwa wamekaa simu mapajani, wakapata nafasi ya kuniamkia.

Habari tulizipata redioni. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimepungukiwa na intaneti. Nikawaeleza wote sebuleni kwa madaha: mawimbi yanatoka kwenye simu hadi juu ya kabati tu, hatua kumi hivi, kutoka pale ni nyaya, hadi baharini, na baharini ni nyaya, hadi Ulaya.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akainua macho akaitazama ruta ilivyokaa juu ya kitambaa chake cha waridi.

"Si mlisema haina waya?"