Heko, Dume la Simbilisi

Simba ameshasifiwa, farasi ameshasifiwa, hata jogoo ana majigambo yake. Dume la simbilisi, mnyama wa kilo moja hivi asiye na mkia, hajapata mtu wa kumtungia. Uonevu huu nimeamua kuukomesha mimi, mkazi wa Moshono, Arusha, mfugaji wa madume wawili waitwao Mwenyekiti na Katibu, ambao juzijuzi wamegombana hadi damu na sasa wananilisha kiapo cha usuluhishi kila kukicha.

Nianze na ukoo, maana anayesifiwa bila ukoo ni kama anasimangwa. Simbilisi ni mtu wa milima, kwao Andes, Amerika Kusini, alikofugwa maelfu ya miaka kabla Mhispania hajatia mguu. Ndani ya kanisa kuu la Cusco, Peru, mna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata mwaka 1753, na wenyeji watakuambia kwamba aliyelala kwenye sahani katikati ya meza, miguu juu, ni simbilisi. Nionyesheni jogoo aliyefika meza ile. Simbilisi huzaliwa akiwa na manyoya mwili mzima, macho wazi na meno mdomoni, na haipiti siku nyingi anatafuna majani na wakubwa. Upungufu wake ni mmoja: mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Upungufu huo nao una heshima yake, kwani mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich kule Norwei waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaugua kiseyeye, na tangu hapo wataalamu wakapata njia ya kuuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza mabaharia.

Kule Kivu ya Kusini, Kongo, wanakomwita dende, familia humfuga jikoni kwa sababu hahitaji malisho makubwa, na watu wakikimbia anabebeka. Yaani mtu anakimbia vita huku amekumbatia vita nyingine ndani ya kikapu.

Maana dume hili, ndugu zangu, ni mpiganaji, tena mpiganaji mwenye adabu. Kwanza hunguruma kwa chini huku akitembea polepole na kutikisa makalio. Mwenzake asipoelewa, husaga meno mpaka usikie toka uani. Kisha vichwa vinainuliwa, kila mmoja akitaka pua yake ipite ya mwenzake kwa urefu. Kisha hupiga mwayo, ambao si wa usingizi. Ni maonyesho ya silaha. Umetangaziwa vita mara nne kabla ya jino la kwanza kukufikia. Hapa mtaani kwetu mtu anahamisha kigingi cha mpaka usiku na asubuhi anakuamkia vizuri tu.

Na sababu ya vita? Bakuli. Kona ya banda. Upepo uliopita kwa majike ya jirani ukaleta habari. Ukubwa wa sababu haumsumbui. Hiyo ni hesabu ya waoga. Wangu walifungamana wakawa mpira mmoja wa manyoya, maranda yakaruka, na walipoachana Katibu alikuwa na jeraha mgongoni na Mwenyekiti sikio limechanika. Mkono hautiwi katikati ya mpira huo, labda kama vidole umevichoka. Huingizwa kizoleo cha taka, au hutupiwa taulo nene.

Mzee mmoja wa jirani alikuja kutoa pole, akachungulia, akasema, "Kijana wangu, chinja mmoja, kesi imekwisha." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hao ni viongozi." Akacheka, ila niliona macho yake yamebaki kwa Mwenyekiti, aliyenona zaidi.

Hapa ndipo dume la simbilisi linapompa binadamu kazi ya maana. Damu ikishatoka hawarudishwi pamoja siku hiyo. Majeraha yapone kwanza, na pilipili hoho na majani mabichi yasikosekane. Lakini hawafichwi pia, kwa sababu wakikaa wiki kadhaa bila kunusana watakutana wageni na vita itaanza upya. Huwekwa ubavu kwa ubavu, wavu katikati, wakiangaliana kwa chuki halali. Maranda ya huyu unampelekea yule, ya yule kwa huyu, hadi kila mmoja azoee kulala kwenye harufu ya adui.

Siku ya kikao inatafutwa ardhi isiyo ya mtu. Wangu nimewatafutia kona ya ukumbi, sakafu imeoshwa kwa maji na siki. Majani yanamwagwa rundo kubwa katikati, maji mahali pawili, na kila kijumba kiwe na milango miwili, kwani aliyebanwa penye mlango mmoja hana njia ila kupigana. Majike wawe mbali hata kwa pua. Dume wa tatu asialikwe, ataharibu kura. Kisha msuluhishi anakaa kimya. Wakinguruma, wakikimbizana, wakipandana, awaache: ndiyo hoja zenyewe zinazotolewa. Ukiwatenganisha kwa kila kelele, hoja haimalizwi, na kesho inaanza mwanzo.

P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha wa miteremko hii ya Meru na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, aliwakuta wakimaliza magomvi yao kwa mazungumzo ya pande mbili na wafuasi wao, bila hakimu wa kutoa hukumu. Simbilisi wangeuelewa utaratibu huo mara moja. Serikali nayo imeusogelea: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena shauri la ardhi, linasuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30, wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nami nimeichukua sheria hiyo kama ilivyo. Damu ikitoka mara ya pili nitaandika hati ya kushindwa usuluhishi, na kila mmoja atapata chumba chake, wavu katikati, wabaki majirani wa kusagiana meno. Kuhasi hakutasaidia, ugomvi wa cheo haukai huko.

Kwa sasa tumo ndani ya muda. Jana walikula rundo moja la mabingobingo, kila mmoja upande wake. Leo asubuhi Katibu amepanda kwenye bakuli la Mwenyekiti na kukojoa humo, polepole, akimwangalia. Mwenyekiti ameinua kichwa. Shauri linaendelea.