Namna ya Kufika Nyumbani Siku ya Mechi

Mwongozo huu haumhusu shabiki. Shabiki ana tiketi, ana jezi, ana geti lake na askari wa kumwonyesha geti lilipo. Unakuhusu wewe uliyepanga chumba na sebule Chang'ombe, Keko au Uhasibu, mahali ambapo ukifungua dirisha Jumamosi usiku unasikia watu 60,000 wakivuta pumzi kwa mkupuo mmoja. Wewe una mfuko wa sembe, kilo moja ya dagaa na ufunguo wa mlango. Unataka kwenda kulala. Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza ni kusoma ratiba. Usiisome kama wanavyoisoma wachambuzi wa redioni. Isome kama daftari la dharura: siku zipi hutakiwi kuugua, kuolewa wala kufiwa. Mashindano ya CHAN yalipotua Agosti 2025, Kenya na Uganda wakipokea wageni upande wao na sisi upande wetu, Taifa Stars walicheza mechi zao zote tano hapa Uwanja wa Benjamin Mkapa: tarehe 2 na Burkina Faso, tarehe 6 na Mauritania, tarehe 9 na Madagascar, tarehe 16 na Jamhuri ya Afrika ya Kati, tarehe 22 na Morocco katika robo fainali. Tatu kati ya hizo ziliangukia Jumamosi. Na Jumamosi ya Dar es Salaam ina wenyewe. Ni siku ya harusi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wanamuaga binti yao. Kadi zilichapishwa mapema, michango ikakusanywa, ukumbi ukalipiwa, na hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyekumbuka kwamba siku hiyo kuna mpira. Msafara ukatoka vizuri: gari la binti mbele, la wazazi likifuata, na kipikapu cha matarumbeta kikifunga mkia. Hawakufika mita 300. Foleni ikawameza. Wapiga tarumbeta, kwa kuwa walikwishalipwa nusu, wakaendelea kupuliza palepale walipokwama. Mashabiki waliokuwa wakitembea kwenda uwanjani wakadhani wametengenezewa burudani. Wakazunguka gari, wakacheza, wakatunza. Naambiwa vijana wale walipata noti nyingi zaidi kwa watu wa Taifa Stars kuliko walizozipata ukumbini. Bibi harusi mtarajiwa alikaa ndani ya gari akijipepea kwa kadi ya mwaliko wake mwenyewe, kope moja imeshaanza kubanduka.

Hatua ya pili imefungwa kwa muda. Tafadhali tumia hatua ya tatu.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha kwamba unaishi unapoishi. Hapa ndipo wengi wanafeli, kwa sababu wanakuja na ukweli mtupu. Mimi pia nilianza hivyo. Daladala ilitushusha mbali kabisa na kituo, konda akipiga ubavu wa gari na kutangaza mwisho wa safari kana kwamba anatupongeza. Nikatembea na mfuko wangu hadi kwenye kizuizi. Kijana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee. Tiketi?"

"Marahaba. Siendi mpirani, kijana. Naishi pale, nyumba ya bati jekundu."

"Leo kila mtu anaishi pale, mzee wangu."

Nikamwonyesha kitambulisho cha taifa. Akakisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Hakijaandikwa Chang'ombe, akasema. Kama ninayo barua ya serikali ya mtaa, sawa. Ofisi ya serikali ya mtaa iko wapi? Iko ndani ya kizuizi. Nikampigia simu mjumbe wa nyumba kumi aje anitambue. Mjumbe alikuwa amezuiwa kizuizi cha upande wa pili.

Ufumbuzi niliupata siku nne baadaye, na ninautoa hapa bure. Nunua jezi ya Taifa Stars, hata ile ya kando ya barabara ambayo nembo yake imekaa upande. Ikunje, iweke chini kabisa ya mkoba. Ukikaribia kizuizi, ivae juu ya shati la kazini, ongeza mwendo, na uulize kwa sauti ya wasiwasi, "Bado hawajaanza?" Utapishwa. Utaelekezwa. Mtu atakubebea mfuko wa sembe akidhani ni ngoma. Nyoosha na umati hadi kona ya mwisho, kisha jichepushe kimyakimya kuelekea kwako. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mgeni wa heshima katika mtaa ninaolipa kodi ya pango tangu 2011.

Ukikosa hela ya jezi, kuna bodaboda. Jua tu kwamba safari ya 1,500 itakuwa 5,000, na ukiuliza sababu utajibiwa kwa neno moja: "Mechi." Usibishane. Paris, wakati wa Olimpiki ya 2024, tiketi ya metro ilipandishwa kutoka euro 2.15 hadi euro 4, na wakazi wa kando ya mto Seine walihitaji kibali chenye msimbo wa kuskani ili wafike kwao kabla ya sherehe ya ufunguzi. Tofauti ni kwamba wenzetu walitangaziwa mapema. Sisi tunaambiwa tukiwa tayari tumekaa kwenye siti. Na kama bado unajisikia umeonewa, wafikirie watu wa London Mashariki wakati wa Olimpiki ya 2012. Jeshi la Uingereza liliweka makombora ya kutungulia ndege juu ya paa la ghorofa wanamoishi. Walikwenda mahakamani, wakashindwa. Sisi juu ya paa letu yuko paka tu.

Tuje kwenye biashara, maana utasikia sana kwamba mashindano yanaleta fursa. Ni kweli, yanaleta. Mwenye nyumba wetu aliondoa kamba za kuanikia nguo, akahamisha banda la kuku, na ua ukawa maegesho. Magari manne. Kijana wa chumba cha uani aliandika kwa mkaa ukutani "CHOO 500", na kwa wiki tatu tulikuwa tunapanga foleni nyuma ya watu wa Mbagala na Gongo la Mboto ili tuingie kwenye choo chetu. Mimi niliomba punguzo la mkazi. Nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa.

Ila fursa nayo ina mipaka yake, na mipaka huchorwa kwa kamba ya plastiki yenye mistari. Pale kona kuna mama lishe. Simtaji jina, wateja wake wanamjua. Amewapikia ugali na maharage mafundi wa ukarabati wa uwanja, madereva wa malori na walimu wanafunzi wa chuo cha jirani. Kwa hesabu yangu, mtu aliyestahili kuuza chakula siku watu 60,000 wanapita mbele ya jiko lake ni yeye. Siku ile ilipofika akaambiwa eneo linatakiwa kuwa safi. Akafagia. Akaambiwa hapana, safi maana yake bila yeye. Mashindano makubwa ya mpira kote duniani yana kawaida hii, kuuzungushia uwanja ukanda ambao wanauza walioidhinishwa tu; Afrika Kusini 2010 wachuuzi wa mitaani walikutana nayo hivyohivyo. Mama akabeba masufuria hadi upande wa pili wa barabara, mahali ambapo hakuna apitaye isipokuwa askari wa zamu. Usiku ule aliuza sahani tisa, saba kwa mkopo. Katika mwongozo mzima hiki ndicho kipengele ambacho sina ushauri wake.

Nikirudi kwenye mambo yenye nafuu: umeme. Siku ya mechi hauendi popote. Piga pasi nguo zote, gandisha barafu, chaji simu za ukoo mzima.

Na kama ukishafika nyumbani unataka kuangalia hiyo mechi iliyokusumbua, ujue kuna adha ambayo wa Tabata na Mbezi hawaijui. Picha ya televisheni inapanda kwenye setilaiti na kushuka. Huchelewa sekunde kadhaa. Mlio wa uwanjani unaruka ukuta tu. Kwa hiyo sisi magoli tunayajua kabla hayajafungwa. Mechi ya Mauritania ilikuwa inakwenda kuisha bila bila, watu kwenye kibanda umiza wameshaanza kutafuta viatu vyao, mara ukuta ukatikisika. Kwenye skrini mpira ulikuwa bado uko mbali na goli. Tukarukaruka, tukakumbatiana, mtu akamwaga soda, kisha tukatulia na kumtazama Shomari Kapombe akija kufunga goli tulilokwishalishangilia. Dakika ya 89. Wageni wa kibanda hicho huwa wanadhani tuna mganga.

Tarehe 22 ilikuwa tofauti. Nilitoka kazini nimevaa jezi kabisa, bila kuificha, na sikumbuki niliacha lini kuiona kama sare ya kupitia kizuizini. Kipindi cha pili tukakaa tunasubiri ukuta utuambie. Haukusema kitu. Badala yake, kwenye skrini, Oussama Lamlioui akaifungia Morocco, na huko nje kukawa kimya mpaka tukasikia jenereta la mtaa wa pili. Moja bila. Baada ya filimbi ya mwisho watu walipita dirishani wakiburuza miguu, vuvuzela zimeelekezwa chini. Vizuizi viliondolewa mapema kuliko siku yoyote. Bodaboda akarudi 1,500 mwenyewe, bila kuombwa. Asubuhi daladala ilisimama kituoni kabisa, nikapata siti ya dirishani, na abiria wote tulikuwa tumenuna.

Sasa tunasubiri AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda walipewa kwa pamoja tangu Septemba 2023. Mwenye nyumba alionekana juzi uani na futi kamba. Magari manne yanaingia bila shida; la tano lingeingia kama si ule mwembe. Mkewe alikuwa amekaa chini yake anachambua mchele. Akamwambia, bila kuinua kichwa, kwamba mwembe haukatwi. Yeye akaandika kitu kwenye kikaratasi, akakizungushia duara, akamuuliza kama angekubali tawi moja tu, kwa hatua ya makundi.