Barua kutoka Osaka: Mtoto wa Mafia na Kijapani Chake

Ndugu zangu wa Kilindoni, Utende, Jibondo na Chole, huku Osaka tu wazima, isipokuwa jina la kisiwa chetu, ambalo bado linaumwa. Mjapani ukimtajia Mafia hakumbuki papa potwe wala Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Anakumbuka majambazi wa Kiitaliano waliovaa suti. Anayesema Mafia ndiko alikozaliwa hupewa heshima asiyoifanyia kazi. Hilo tuliache. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba mtoto wa darasa la tatu pale Kirongwe yuko karibu na Kijapani kuliko alivyo karibu na Kiingereza, na akifundishwa kidogo tu, nusu saa kwa wiki, tutagundua kwamba yule tuliyemwita mzito wa lugha hakuwa mzito hata kidogo.

Tuanze na mdomo. Kijapani kina irabu tano, zilezile tulizoimbishwa, ingawa wao huzipanga a, i, u, e, o kwa sababu wanazozijua wenyewe. Silabi zao karibu zote huishia kwa irabu. Herufi za hiragana ni 46, na karibu kila moja husimamia silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko, na, ni, nu, ne, no. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza anayegonga ubao akiimbisha ba, be, bi, bo, bu ni mwalimu wa Kijapani tayari, ila mshahara ni uleule. Hata ile n isimamayo peke yake, ambayo Mjapani huihesabu pigo zima, haimbabaishi mtoto aliyezoea kusema nchi na mtu. Anayejiuma ulimi ni Mwingereza. Kisha njoo kwenye hesabu. Kumi na moja kwao ni kumi-moja, ishirini ni mbili-kumi, na mwendo ni huohuo mpaka tisini na tisa, nadhifu kuliko ishirini na thelathini zetu za kukopa kwa Mwarabu. Ukifika kuhesabu vitu, namba hupachikwa kiishio kufuatana na kinachohesabiwa: karatasi zina chao, vitu virefu vina chao, wanyama wadogo wana chao. Wazungu wanaojifunza lugha hii hulalamika sana hapo. Mtoto ambaye tangu alipoanza kusema anajua kwamba ni kiti kimoja, mti mmoja na ngalawa moja atashangaa wanalia nini.

Najua atasimama mtu aulize: na yale maandishi ya michoro je? Ni kweli, yapo. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina michoro 2,136, na Mjapani mwenyewe huisotea tangu darasa la kwanza mpaka sekondari. Lakini nimesema Kijapani cha mwanzo, na cha mwanzo huandikwa kwa hiragana, kama waandikavyo watoto wa huku. Hiragana haina hila, ukiacha herufi mbili tatu zenye tabia ya kusomwa vingine zikitaka. Kiingereza kina kisu kinachoanza na k isiyotamkwa, na bado tunamchapa mtoto kwa kukosea. Ama kuogopa maandishi mageni, jamani, mtoto wa Mafia husoma kutoka kushoto kwenda kulia shuleni, akitoka hapo anakwenda chuoni kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, na hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani navyo hufunguliwa kwa kulia, upande anaoujua tangu juzuu ya Amma. Ugumu wa kweli uko kwenye kitenzi, maana hukaa mwisho, na kukanusha kuko mkiani mwake. Kumsikiliza Mjapani ni kama kumsikiliza mzee barazani akisimulia jahazi lililopigwa na kusi: mpaka neno la mwisho hujui kama watu walizama. Ila watoto huzipenda hadithi za namna hiyo. Wanaokatiza ni sisi wakubwa.

Wengine watahofia mila. Watoto watafundishwa kuvua viatu mlangoni, kukaa kwenye mkeka, kuwaamkia wakubwa kwa maneno wasiyoambiwa wadogo, na kutamka neno la shukrani kabla ya kugusa chakula. Kama huko ni kupotoka, basi tulipotoka zamani. Nguruwe na pombe vipo huku, lakini havimo katika somo. Pweza yumo: Osaka humkatakata na kumtia ndani ya vidonge vya unga vya duara vinavyoitwa takoyaki, jambo ambalo kina mama wa Jibondo wanaweza kulijadili kwa kirefu. Wanafunzi wa Japani hufagia madarasa yao na kupakuliana chakula cha mchana, na chakula hicho kina sheria yake tangu mwaka 1954. Kufagia tunakujua, fagio za chelewa tunazo. Ile sheria ndiyo ya kuiga.

Hoja nzito ni ya anayesema Kiingereza chenyewe hakijashikika, lugha nyingine ya nini? Namjibu kwamba ndiyo sababu. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, na anachojifunza kwanza ni woga. Anahitaji kuonja lugha ngeni inayomkubali. Unguja, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo tangu miaka ya 1990, vijana huanza kwa neno la Kijapani hajime na kusimama kwa matte, kama wachezaji wa judo popote duniani, na hakuna anayewauliza wamepata alama ngapi. Walimu? Vijana wa kujitolea kutoka Japani wanakuja Tanzania tangu miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dodoma kimefundisha Kijapani, na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya bure kwa Kiswahili. Ajira siahidi. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, kule Yokohama, mji wa Nagai ulitangazwa kuwa mwenza wa Tanzania. Uvumi ukaenea kwamba tumepewa mji mzima, simu za manispaa zikalia bila kupumzika, na mwezi uliofuata mpango ukafutwa. Kwa hiyo msifunge mizigo.

Ombi langu kwa kamati za shule ni dogo: darasa moja, muhula mmoja, chaki na ubao. Muhula ukiisha wapimeni watoto, wanasoma silabi ngapi na wanasalimia vipi, kisha kipimeni na Kiingereza kwa kipimo hichohicho. Matokeo yabandikeni ukutani, hata kama mkaguzi hatayapenda.