Nani Ameigusa?

Kila ukoo una mtu wake anayejua vyombo. Hakusomea, hajawahi kuajiriwa karakana yoyote, lakini akisikia friji haigandishi, macho yanamng'aa kama aliyealikwa pilau. Kwetu ni mjomba. Hutoka Tanga kuja Dar kutusalimia, na kabla shikamoo haijapata marahaba yake, keshauliza: "Mpwa wangu, humu ndani kimeharibika nini?"

Nisimdhulumu, mengi anayofanya yana maana. Yeye ndiye aliyeivuta friji yetu kutoka ukutani akatuonyesha blanketi la vumbi lililofunika mabomba ya nyuma. Joto la friji linatokea huko. Likikosa njia, kompresa hunguruma usiku na mchana na uniti za LUKU zinayeyuka. Akaniomba noti ya elfu kumi, akaibana kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikatoka bila ubishi. "Unaona? Mpira umechoka, baridi yote inavuja." Noti akaitia mfukoni, nikadhani ni sehemu ya kipimo.

Birika la umeme nalo lilikuwa limeota ukoko mweupe, maana maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Akachemshia humo maji ya ndimu, akayaacha yapoe, akasuuza, likarudi ujana. Kwenye mtungi wa gesi akapaka povu la sabuni kuzunguka regulata na kwenye maungio ya mpira: vikiibuka viputo, kunavuja. Yuko jirani anayepima kwa njiti ya kiberiti. Huyo tunamsalimia kwa mbali.

Taabu ya mjomba ni kwamba hajui pa kuishia. Blenda ilipotoa harufu ya kuungua kwa sababu mtu alitaka kusaga nazi nzima kwa mkupuo mmoja, ilitosha kuizima, kuipunguzia mzigo na kuiacha ipoe. Ikirudia harufu hiyo hata ikiwa tupu, ipelekwe kwa fundi. Mjomba akaifungua palepale, juu ya meza ya chakula. Alipoifunga zikabaki parafujo tatu kwenye kisahani. "Kiwandani huwa wanaweka za ziada," akasema. Ikawaka kweli, ila kwa sauti ya bodaboda inayopanda mlima, ikatembea mezani yenyewe mpaka kwenye kikombe chake cha chai.

Halafu likaja la friza. Barafu ilikuwa imejenga ukuta, na dawa yake ni ya kivivu kabisa: zima, acha mlango wazi, weka ndani bakuli la maji ya moto, nenda kaangalie mpira. Mjomba hana muda wa kuangalia mpira. Alichukua kisu cha kukatia nyama, akachokonoa. Tukasikia pssss.

"Hewa tu hiyo," akasema, "ilikuwa imekwama."

Barafu ikatoka kweli. Haikurudi tena.

Fundi alipofika hakuuliza friji ina umri gani wala ilianza lini kugoma. Aliinama, akatazama, akauliza swali la mafundi wote duniani: "Nani ameigusa?" Mke wangu akatazama dari. Mimi nikatazama simu iliyokuwa imeisha chaji. Mjomba akakumbuka kuwa hajaswali adhuhuri.

Fundi akasoma kibandiko cha nyuma: R600a. Akaamuru madirisha yafunguliwe na jiko la mkaa, maharage yake yakiwa yanachemka, litolewe nje upesi. Friji nyingi za miaka ya nyuma zilitumia gesi ya R134a, ambayo haishiki moto; hii R600a inashika. Kuziba tundu lenyewe si ajabu, alisema, lakini baada ya hapo lazima mfumo uvutwe hewa kwa pampu, kisha gesi ijazwe kwa mizani, gramu kwa gramu, si kwa kukisia. Friji ikapakiwa kwenye bajaji ya mizigo. Mjomba, swala imekwisha, akasaidia kubeba kwa bidii ya mtu asiye na hatia.

Mafundi nao wana yao, jamani. Blenda tuliyompelekea mwingine ilikaa "kesho" hadi tukasahau rangi yake, spea ikiwa siku zote iko njiani kutoka Kariakoo. Iliporudi ilikuwa na mfuniko wa kijani. Wetu ulikuwa mweupe, na natumaini huko uliko wanautunza.

Kilichobaki jikoni ni maikrowevu, na mjomba ameanza kuizunguka. Fundi wa friji alimwonya kuwa ndani yake kuna kapasita inayoweza kutunza umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mjomba aliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa upole ulionitia shaka, nami jioni hiyo nikaficha bisibisi ndani ya debe la unga.

Ijumaa mke wangu alitaka kupika wali wa nazi. Akatoa uvunguni mbuzi ya nazi ya mama yake: ubao na meno ya chuma, haina waya, haina plagi. Mjomba akaipokea, akaigeuza juu chini, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii nayo imelegea," akasema. "Bisibisi iko wapi?"