Mbuzi wa Bethlehemu

Wenye ndoa wenzangu, Majilio kwangu hapa Matai huanza na mgogoro wa mshumaa. Shada linataka minne: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya Furaha. Madukani kwetu ipo myeupe tu, ile ya umeme ukikatika. Mke wangu Leokadia, ambaye mimi humwita Mama Paroko (akiwa mbali), akaiviringishia utepe, akaisimamisha kati ya matawi ya msonobari, akatangaza: asiguse mtu.

Umeme ukakatika usiku huohuo. Mama mkwe, Kadinali wetu, alikuwa anatafuta ugoro wake gizani; akaokota mshumaa wa kwanza kushikika. Wa waridi, bila shaka. Mkwe hafokewi, nikamshikia mlango. Basi sisi tukafika kwenye Furaha hata toba hatujaianza.

Ah, na shemeji yangu kutoka Sumbawanga mjini, tunayemwita Mamajusi. Wale wa Injili walifika na dhahabu, tena tunawaadhimisha Januari. Huyu hufika mwanzoni mwa Desemba na mfuko wa nguo chafu.

Lakini sasa nije kwenye habari za pango la Krismasi. Kwenye jumuiya, mke wangu alisikia kwamba Fransisko wa Asizi, mwaka 1223 kule Greccio, aliandaa hori akaweka ng'ombe na punda wazima, wenye pumzi. Akaja kuyasimulia mbele ya watoto. Mimi nilikuwa shambani napanda mahindi, maana mvua ya Ufipa haifuati kalenda ya liturujia. Kurudi, nakuta Bethlehemu imejengwa sebuleni kwa mifuko ya mbolea, na juu ya hori maandishi makubwa: UREA. Wachungaji wa udongo hawana vichwa. Kitinda mimba wetu haitwi Herode bure. Na katikati ya makochi amesimama mbuzi wangu wa Krismasi, anamalizia shada. Alibakiza mishumaa.

"Baba, punda tumekosa," Leokadia akanieleza kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba.

Mtoto Yesu mwenyewe yuko kabatini, ndani ya sufuria, hatolewi mpaka usiku wa mkesha. Katika nyumba hii ndiye peke yake anayesubiri zamu yake.

Mamajusi akampapasa mbuzi mbavu, akasifu. Watoto wakaangua kilio: kumbe ameshapewa jina, anaitwa Yosefu. Kesi ikapelekwa kwa Kadinali. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akaamua kuwa aliyelala Bethlehemu hachinjwi. Mama Paroko akaunga mkono. Hata Mamajusi akageuka, ila akauliza Krismasi tutakula nini.

Wote wakanitazama mimi. Kuna pesa kidogo nilizoficha za mbolea ya kukuzia, na nahisi Mama Paroko anajua ziko wapi.