Gunia, Punda na Mkaguzi Mwenye Mkia

(Kitale, kaunti ya Trans Nzoia, mwisho wa Mei 2024. Nje ya ghala la serikali, Gunia la mbolea ameegemea ukuta. Punda amefungwa kwenye mkokoteni. Panya anachungulia kutoka chini ya mlango.)

GUNIA: Nibebe kwa heshima, mzee. Mimi ni wa ruzuku. Kilo 50 zilikuwa zinapita shilingi 6,000 madukani. Septemba 2022 tukashushwa hadi 3,500, mwaka uliofuata 2,500. Nani mwingine amemhurumia mkulima hivyo?

PUNDA: Niambie kwanza una nini tumboni. Machi niliwabeba ndugu zako wanne hadi kwa mama mmoja kule Endebess. Mahindi yake yamefika magotini, na yana rangi ya ndizi mbivu.

GUNIA: Labda ni mvua.

PUNDA: Mvua hiyohiyo imenyesha kwa jirani aliyeweka samadi yangu. Samadi yangu, Gunia! Haikuandikishwa kwa chifu, haikungoja ujumbe kwenye simu, wala haina nembo.

PANYA: Hamjambo? Nasikia mnazungumzia ubora, na mkaguzi wa humu ni mimi. Shehena ikiingia, natoboa kona na kuonja. Mbolea ya kweli huchoma ulimi, nashinda nikitema mate. Lakini zile za Machi! Nililamba, nikalamba tena. Ladha ya vumbi la machimbo. Nikamwita mke wangu aonje, naye akamwita mamake, mamake akaja na wajukuu. Ukoo mzima tulionja na hakuna aliyetema. Hapo nikajua wakulima wamekwisha.

GUNIA: Wakubwa walisema haikuwa bandia, ila haikufikia viwango.

PUNDA: Basi siku nikimtosa mwenye mkokoteni mtoni, msiseme nimemtosa. Semeni hakufikia ng'ambo.

GUNIA: Bunge lilichukua hatua. Tarehe 2 Mei wabunge 149 walipiga kura Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, aondolewe.

PANYA: Kisha ikaundwa kamati ya watu 11. Saba wakasema tuhuma hazikuthibitishwa, wanne wakakataa, na hoja ikafia hapo. Mimi niliyeonja sikuitwa hata kutoa ushahidi.

GUNIA: Lakini fidia imeahidiwa.

PUNDA: Fidia! Mahindi ya hapa hupandwa mvua za Machi na Aprili. Zikikupita, umengoja mwaka. Mama yule alikodi trekta, akanunua mbegu, akalipa vibarua wa palizi, akanilipia na mimi. Gunia jipya litamrudishia lipi katika hayo? Na hizo pesa za ruzuku, ni lini zimepita mkononi mwake? Zinatoka Hazina zinakwenda kwa wenye zabuni, yeye anatoa 2,500 zake na kupewa gunia ambalo hakulichagua. Kisha mwanasiasa anapanda juu ya gari na kumwambia apige makofi! Mtumieni fungu lake kwenye simu, akanunue kwa mwenye duka anayemjua. Akidanganywa, ajue mlango wa kuugonga. Sasa ataugonga upi? Wa chifu? Wa kamati? Mna maabara, mna mihuri, mna magari yenye bendera, na mmeshindwa kujua kitu alichokijua panya kwa ulimi. Hamna haya!

PANYA: Ahsante, mzee.

PUNDA: Sijakusifu. Ungekuwa na maana ungepiga kelele Machi.

PANYA: Nilipiga. Waliniwekea mtego.

GUNIA: Kwa hiyo hunibebi?

PUNDA: Nitakubeba, si nimefungwa? Panya, hebu mwonje huyu kabla hatujaondoka.

PANYA (akitafuna): Mmh... Ngoja. Huyu simwelewi. Nimwite mke wangu.