Nimekimbia Jembe, Nimelikuta Kyoto

Nani aliwaambia watu wa Mkumbi, Mbinga, kwamba mtu akipata skolashipu ya Japani ameshaokoka? Niliagwa kama bwana harusi. Kuku walichinjwa, mjomba akatoa hotuba ndefu kuliko ya diwani, na mzee mmoja wa kigangoni akaniombea nisisahau kwetu. Mzee wangu, sala yako imesikika kupita kiasi. Huko nilikokwenda sikupewa hata nafasi ya kukusahau.

Safari siielezi sana. Bodaboda hadi kwenye lami, gari hadi Songea, halafu basi la alfajiri kupitia Njombe na Makambako mpaka Dar es Salaam, magoti yamegusa kidevu njia nzima. Anayelalamika kwamba ndege inachosha hajakaa kiti cha nyuma cha basi la Songea. Ndugu zangu wa Dar wakanivika koti zito la kuazima: "Bwana mdogo, Japani kuna baridi." Hawa ni watu wanaovaa sweta mvua ikinyesha Kariakoo. Mimi natoka Umatengoni, milimani Mbinga, ambako mwezi wa saba asubuhi ukisalimia mtu moshi unatangulia maneno. Kyoto ya mwezi wa nne nimeiona sana tu nyumbani, isipokuwa taa. Koti nililibeba mkononi siku nzima, na kila Mjapani aliyepita alilitazama kwa huruma.

Uwanja wa Kansai umejengwa katikati ya bahari, juu ya kisiwa walichokitengeneza wenyewe. Ukishuka unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, na kadi ya ukaazi unakabidhiwa hapo hapo. Nikajisemea, nchi si ndiyo hii, hakuna njoo kesho. Furaha hiyo haikufika jioni. Dada aliyetupokea sisi wanafunzi wapya akatueleza kwa upole kwamba ndani ya siku 14 baada ya kupata makazi kila mmoja aende ofisi ya kata, akajiandikishe, na anwani yake iandikwe nyuma ya kadi. Ofisi ya kata! Nimezunguka nusu ya dunia nikidhani barua ya mtendaji nimeiacha Mbinga, kumbe ilitangulia kunisubiri. Na bila anwani hiyo, akaunti ya benki ni kubahatisha. Bila benki, posho utaisikia kwa wenzako.

Hostelini nako kuna mambo. Umeme wao ni volti 100 na matundu ya ukutani ni mawili, membamba, bapa. Chaja yangu ina miguu mitatu minene ya Kitanzania. Tukatazamana, mimi, chaja na ukuta. Kisha nikapewa somo la takataka, refu kuliko somo la usajili: za kuchoma zinaingia mfuko wa njano, chupa na makopo mfuko unaoonyesha ndani, na kila aina ina siku yake ya kutolewa nje. Mifuko yenyewe inauzwa dukani. Yaani unalipia kitu cha kutupa. Mama angesikia hilo angeniita nirudi.

Kusikia, hata hivyo, alisikia mengine. Alipiga kupitia simu ya shemeji, kwao saa kumi jioni, kwangu saa nne usiku na chaji imebaki asilimia mbili.

"Baba, umefika?"

"Nimefika, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ugali?"

Simu ikazima. Namshukuru Mungu, maana sikujua namna ya kumweleza mtu aliyezoea mbasa wa Ziwa Nyasa, wa kuchemsha na nyanya, kwamba mwanawe amewekewa samaki ambaye moto haujamgusa.

Lakini lililoniuma zaidi lilitokea mchana wa siku hiyo hiyo. Sisi tunaotoka Umatengoni tunajua kwamba kulima ngolo si mchezo. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba mlimani, wanawake wanachimba udongo katikati na kuyafukia, mpaka mlima mzima unabaki mashimo yanayokamata maji ya mvua yasiondoke na shamba. Ni kazi ya kuanzia mwezi wa pili, na mojawapo ya sababu zangu za kupenda elimu ni hiyo. Naingia ofisini kwa profesa wangu, nakuta nini ukutani? Ngolo. Picha kubwa, ya rangi. Miaka ya 1990 watafiti wa Kyoto na wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakisaidiwa na JICA, shirika la misaada la Japani, walikuja milimani kwetu kuyachunguza mashimo hayo, na profesa huyu ameyasoma yote waliyoandika. Akaniuliza wastani wa kina cha shimo. Profesa, mama yangu hapimi, anachimba!

Kunipoza akanipeleka mgahawani. Kikombe kimoja cha kahawa kilikuwa yeni 500, karibu shilingi 9,000 za wakati huo. Kwenye orodha imeandikwa Kilimanjaro. Nikauliza kama wana ya Mbinga. Ndipo nikaelezwa: kwa kanuni za wauzaji wa kahawa wa Japani, arabika yote ya Tanzania inaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, isipokuwa ya Bukoba. Jina lenyewe lilipata umaarufu kwa filamu ya Marekani ya mwaka 1952, iliyotokana na hadithi ya Hemingway. Basi kahawa tuliyoimenya usiku kwa mkono, tukaiosha, tukaianika vichanjani na kuikimbiza ndani kila wingu likitokea, ikivuka bahari inakuwa Mchaga.

Wahaya wa Bukoba, kwa mara ya kwanza nawaonea wivu, nyinyi mmeachwa na jina lenu. Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi vya Mbinga, pamoja na Bodi ya Kahawa, nawaomba: mkikutana na wanunuzi wa Kijapani, kabla ya kuzungumza bei watajieni kwanza jina la Mbinga, tena kwa sauti.